Muulize Mkutubi: Kocha mwenye fedha ya vitabu viwili

SWALI: Shikamoo Bibi Mkutubi. Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari moja wilayani Babati, nawaandaa vijana wa mita 800 na 1,500 kwa ajili ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Nimejibana nikapata fedha ya vitabu viwili. Mwenzangu mmoja ananiambia nisome habari za vinasaba, maana mkimbiaji huzaliwa. Mwingine anasema siri ni saa elfu kumi za mazoezi. Wa tatu anasisitiza kwamba yote yako kichwani. Nimwamini nani? Na nitakitofautishaje kitabu cha kweli na kile kinachouza maneno? – Kocha, Babati

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nunua vitabu viwili vinavyogombana juu ya swali moja, uvisome sambamba. Nakuchagulia The Sports Gene cha David Epstein (2013) na Peak cha Anders Ericsson na Robert Pool (2016). Wanachogombania ndicho unachokiona uwanjani kila jioni: vijana wawili wanapewa mazoezi yaleyale, kwa nini mmoja anamwacha mwenzake?

Hizo saa elfu kumi zilianzia kwa wapiga fidla. Mwaka 1993 Ericsson na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo cha muziki cha Berlin Magharibi. Wale hodari zaidi, walipofikia umri wa miaka 20, walikuwa wamejizoeza peke yao kwa wastani wa saa elfu kumi hivi. Wastani, mwalimu, wapo waliokuwa chini yake kabisa. Mwaka 2008 mwandishi Malcolm Gladwell akaichukua namba hiyo katika kitabu chake Outliers akaigeuza kanuni, na tangu hapo kila mzazi mwenye mtoto wa kipaji anaitaja. Ericsson mwenyewe anailalamikia ndani ya Peak. Anachokitilia mkazo ni aina ya mazoezi: mwalimu anayeliona kosa, zoezi linalolenga kosa hilohilo, na mwanafunzi anayeambiwa papo hapo kama amelirekebisha. Sura hizo zisome ukiwa na daftari la mazoezi ya timu yako. Kijana anayezunguka uwanja kila siku kwa mwendo uleule anajaza saa tu.

Sasa mgeukie Epstein, akupeleke Osaka, mashindano ya dunia ya mwaka 2007, kwenye kuruka juu. Huku yupo Stefan Holm wa Sweden, aliyeruka tangu utotoni na kutwaa dhahabu ya Olimpiki Athens mwaka 2004 kwa mita 2.36. Huku yupo Donald Thomas wa Bahamas, mcheza mpira wa kikapu ambaye hata miaka miwili hakuwa ameimaliza katika mchezo huo. Thomas akashinda kwa mita 2.35, Holm akawa wa nne. Epstein anaeleza miguu mirefu ya Thomas na kano yake ya kisigino, ndefu isivyo kawaida, inayomrusha kwa nguvu kubwa. Wanaoisimulia hadithi hii huishia hapo wakisema umeona, ni kuzaliwa. Lakini miaka mingi iliyofuata Thomas aliongeza sentimita chache tu, na Holm, mtu mfupi kwa mchezo ule, alikwisha kufika kileleni kwa kazi. Mimi nahesabu ushahidi huo kwa pande zote mbili, na kwa sababu hiyo nataka uwe na vitabu vyote viwili mezani.

Mwenzako wa tatu naye ana sehemu yake ya haki. Ukipata fedha ya kitabu kimoja zaidi, tafuta Endure cha Alex Hutchinson (2018). Huyu ni mwanafizikia aliyewahi kuwa mkimbiaji wa timu ya taifa ya Kanada, kwa hiyo anajua hesabu na anajua maumivu. Anaeleza ubishi wa karibu miaka mia moja. Mwanasayansi Mwingereza A. V. Hill, katika miaka ya 1920, aliutazama mwili wa mkimbiaji kama mashine inayofika ukomo wa oksijeni. Mwanasayansi wa michezo Tim Noakes wa Afrika Kusini akaja kuuliza: kama misuli imekwisha, mbona katika mbio za mita 5,000 na 10,000 watu wanachomoka kwa kasi kilomita ya mwisho? Kwake, ubongo ndio unaoshika breki mapema ili kuulinda mwili.

Wewe hapo uwe makini, kwa kuwa mita 800 ina tabia nyingine. David Rudisha alipoweka rekodi ya dunia London mwaka 2012, mzunguko wa kwanza alitumia sekunde 49.28 na wa pili 51.63. Alipunguza kasi kama wanavyopunguza karibu wote. Hoja ya Noakes ni nzuri kwa mbio ndefu. Usiibebe nzima ukawapa vijana wa 800.

Utafiti ninaotaka uusome mara mbili ni wa mtafiti Samuele Marcora na wenzake, wa mwaka 2009. Watu 16 walipewa kazi ya kuchosha akili kwa dakika 90 kwenye kompyuta, kisha wakaendesha baiskeli hadi kushindwa. Waliacha mapema kwa takriban asilimia 15 kuliko siku ambayo hawakuchoshwa akili. Moyo na misuli vilifanya kazi vilevile. Ila waliona zoezi ni gumu zaidi tangu mwanzo. Watu 16 ni wachache, naam. Hata hivyo, fikiria wanafunzi wanaotoka kwenye mtihani wa hisabati saa nane, saa tisa unawapima ili uchague timu.

Kuhusu maneno ya kuuza, nina jaribio langu. Angalia kitabu kinamwelezaje Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika nne, tarehe 6 Mei 1954, kwa dakika 3 sekunde 59.4. Vitabu vingi vya hamasa vinasema alivunja ukuta wa akilini, na siku 46 baadaye John Landy wa Australia naye akapita. Havisemi kwamba Landy alikuwa ameshakimbia dakika 4 na sekunde 2 mara kadhaa kabla ya siku hiyo. Wala havisemi kwamba Chris Chataway, aliyekimbia mbele kumvutia Bannister kasi siku ile huko Oxford, Uingereza, alikuwa pia Turku nchini Finland akimsukuma Landy kwa nyuma. Mwandishi aliyewaacha watu hao nje amekuficha mshindani na kasi. Kwa kitabu kingine chochote, anzia nyuma, kwenye marejeo: nani walipimwa, wangapi, na nani amerudia kupima? Kwa tafiti nyingi za mazoezi utakuta wanaume watu wazima. Wewe huenda una wasichana pia kwenye timu.

SWALI: Habari za kazi, Mkutubi. Nasomea saikolojia Eldoret. Nina kitabu kinachosema utashi wa mtu huisha akiutumia sana. Mhadhiri anasema utafiti huo umeanguka. Nikitupe? – Mwanafunzi wa mwaka wa pili

JIBU: Usikitupe. Utafiti wa mwanzo ni wa mwaka 1998: walioambiwa wale figili na kuacha biskuti walikata tamaa mapema kwenye fumbo lisilo na jibu. Mwaka 2016 maabara 23, zenye washiriki zaidi ya 2,000, zilijaribu wazo hilo kwa zoezi jingine fupi, na tofauti waliyoipata ilikaribia sifuri. Kitabu cha kabla ya hapo hakingeweza kujua. Usichanganye na Marcora niliyemtaja juu. Yeye alichosha watu dakika 90 na kupima miguu juu ya baiskeli, ni swali jingine. Katika maktaba niliyofanyia kazi, kitabu cha namna hii tulikibandika kikaratasi ndani ya jalada: mwaka wa utafiti wa kwanza, mwaka wa marudio, na ukurasa unaohusika. Fanya hivyo, kisha mwombe mhadhiri nakala ya makala ya 2016 uiweke humohumo.