Sukari Ikishuka, Amini Saa Kuliko Mtetemeko

Saa tisa usiku niliamka fulana imeloa jasho, moyo unanienda mbio, mikono inatetemeka kiasi kwamba tone la damu lilianguka pembeni ya kijikaratasi cha kupimia. Jaribio la pili mashine ikasoma 3.1, yaani milimoli za sukari kwa kila lita ya damu. Kwa sisi wenye kisukari, chochote chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka. Nikashika kijiko, nikala sukari, nikaongeza, nikaongeza tena, mpaka mikono ikatulia. Asubuhi kinywa kikavu, kichwa kizito, mashine inasoma 16.4.

Kosa hilo nililirudia kwa miaka, kwa sababu sikujua mtetemeko ule unatoka wapi.

Nina kisukari cha aina ya kwanza. Kongosho langu halitengenezi insulini, kwa hiyo kazi ambayo miili ya wengine inaifanya wamelala, mimi naifanya kwa sindano na hesabu. Ukishaifanya kwa mkono ndipo unajua ilivyo ngumu. Damu yote ya mtu mzima, lita 5 hivi, inabeba gramu 4 hadi 5 tu za sukari: kijiko kimoja cha chai. Ukila, kongosho linatoa insulini, na sukari inaingia kwenye misuli, mafuta na ini. Ukikaa bila kula, insulini inapungua, kisha homoni nyingine ya kongosho hilohilo, glukagoni, inaliambia ini lifungue ghala. Kijiko kile hakifuriki wala hakikauki, mchana na usiku.

Homoni hizo husafiri na damu, na kazi yake huchukua dakika, wakati mwingine saa. Sukari ikishuka kwa kasi, ubongo hauwezi kungoja. Unatumia kama moja ya tano ya nishati ya mwili mzima na hauna akiba ya maana. Hapo neva zinaingia kazini. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi inapopata habari kwamba sukari imepungua, neva hupeleka amri mpaka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga adrenalini. Adrenalini inalihimiza ini litoe sukari, inaukimbiza moyo, inatetemesha mikono. Jasho huletwa na neva zenyewe, zinazofika kwenye tezi za jasho moja kwa moja. Ndiyo maana mtu anayetumia baadhi ya dawa za presha zinazotuliza moyo anaweza asitetemeke sana, lakini jasho likamtoka vilevile. Kama unatumia dawa hizo, chunga jasho.

Kwa hiyo mtetemeko ni kilio cha mwili, haupimi sukari. Na mtoto aliyelia sana huendelea na kwikwi hata akishapewa ziwa. Sukari ikiwa imekwisha panda, mikono bado inaweza kutetemeka, na ile njaa kali bado inakwambia ule. Mimi nilikuwa nalisha kwikwi.

Sasa nakula gramu 15 za sukari ya haraka, vijiko 3 vya chai vimekorogwa kwenye maji. Halafu nakaa chini, saa mkononi, nangoja dakika 15. Ni ndefu mno dakika hizo! Kila kiungo kinasema ongeza. Zikiisha napima, ikiwa bado iko chini ya 3.9 narudia kiasi kilekile, si zaidi. Ikiwa imepanda na mlo uko mbali, natafuna kitu kidogo, basi.

Kuna jambo linaloniogopesha kuliko mtetemeko, nalo ni kutotetemeka. Sukari ikishuka mara kwa mara, ubongo unaizoea na kilio kinachelewa. Kwa wengi wetu wa aina ya kwanza, glukagoni nayo huacha kuitikia sukari inaposhuka baada ya miaka kadhaa, hivyo adrenalini ndiyo mlinzi aliyebaki. Ilinitokea: nilipima kwa mazoea tu, nikakuta 2.7, na sikuwa nimehisi chochote. Nilimweleza daktari, tukapunguza dozi na tukakubaliana sukari isishuke kabisa kwa wiki kadhaa. Dalili zilirudi. Ikiwa nawe umeacha kuzihisi, usifurahi kwamba umekuwa imara. Mwambie daktari wako mapema.

Upande wa pili ni homa. Ukiugua, adrenalini na kotisoli, homoni nyingine ya msongo, hupanda, na sukari hupanda nazo hata kama hujatia kitu tumboni. Niliwahi kuacha insulini siku mbili kwa kuwa sikuwa nakula, nikafikishwa hospitali nikitapika na kuhema kama niliyekimbia. Sukari ikipita takriban 10, figo hushindwa kuirudisha yote kwenye damu. Inatoka na mkojo na kuvuta maji, na haipothalamasi ileile inakupa kiu isiyokatika. Wakati huohuo, bila insulini, mwili unachoma mafuta na damu inajaa asidi. Siku za kuugua napima kila baada ya saa chache, nakunywa maji, na siachi insulini ya msingi, ile ninayoihitaji hata nisipokula. Kiasi cha dozi napanga na kliniki kabla sijaugua.

Kando ya kitanda nimeweka mashine, glasi ya maji na sukari iliyokwisha pimwa, ili saa tisa usiku nisihesabu kwa kichwa kisicho na sukari. Na mwenzangu anajua: akinikuta sijitambui, asinitie kitu chochote mdomoni. Anilaze ubavu, anichome glukagoni iliyo kwenye droo, aite msaada.