Jibu: Jioni za mhudumu wa afya kambini
Ndugu, umeuliza ulale vipi ukiwa nje ya zamu, ilhali unaweza kuitwa wakati wowote. Anza na kahawa: takriban saa 5 baada ya kunywa, nusu ya kafeini bado imo mwilini, kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe saa 7 mchana.

Buti ziweke kando ya kitanda, kamba zimelegezwa, soksi ndani, tochi ya mwanga mwekundu juu yake. Mwanga mweupe hufuta uwezo wa macho kuona gizani, na kuurudisha kikamilifu huchukua dakika 30 hivi. Vizibo vya masikio? Ziba moja tu, redio ikae upande ulio wazi.

Na siku mliyopoteza majeruhi, tafadhali usijifungie hemani. Kaa na wenzako, hata kwa karata tu.