Liz Cheney: chama kilimkana, kiti kikabaki

SWALI: Ndugu Mhariri, Novemba 2021 viongozi wa Chama cha Republican katika jimbo la Wyoming walipitisha azimio la kutomtambua tena Liz Cheney kuwa mwanachama wao, na bado aliendelea kuketi bungeni kwa zaidi ya mwaka mzima. Kwa Katiba yetu, mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini hupoteza kiti. Je, chama nchini Marekani kina nguvu gani hasa juu ya mbunge wake? Na je, angekuwa mwanamume angetendewa vile?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, Katiba ya Marekani haivitaji vyama vya siasa hata mara moja. Kiti ni cha aliyechaguliwa, na wenye uwezo wa kumfukuza kabla ya muda wake kwisha ni wabunge wenzake, kwa theluthi mbili ya kura. Uanachama nao haufanani na wa kwetu, kwa kuwa mkazi wa Wyoming huandikisha chama chake katika daftari la wapiga kura, wala hakuna katibu wa tawi wa kumpa kadi au kumnyang'anya. Ndiyo maana azimio lile halikuwa na nguvu yoyote ya kisheria.

Kilichomwondoa Cheney ni kura za mchujo, ambazo kwetu tumezoea kuziita kura za maoni, isipokuwa kule wanaopiga ni wananchi wa kawaida na hakuna kamati kuu inayoweza kulikata jina la mshindi. Mwaka 2020 alipata takriban asilimia 73 katika mchujo wa chama chake. Tarehe 13 Januari 2021, wiki moja baada ya wafuasi wa Rais Donald Trump kuvamia jengo la Bunge, alikuwa miongoni mwa wabunge 10 wa Republican waliopiga kura ya kumshtaki Trump, na baadaye akawa makamu mwenyekiti wa kamati iliyochunguza uvamizi huo. Agosti 2022 aliambulia asilimia 29 tu.

Mapema zaidi, wabunge wenzake walikuwa wamekwisha kumvua nafasi ya tatu katika uongozi wao, na hapa pana jambo linalonisikitisha. Februari 2021 walipopiga kura ya siri juu ya hatima yake, 145 walitaka abaki na 61 walitaka aondoke. Mwezi Mei, alipokuwa bado anakataa kunyamaza kuhusu uongo wa Trump kwamba uchaguzi wa 2020 uliibwa, suala lile lile liliamuliwa kwa sauti za ndiyo na siyo mbele ya wote, naye akaondolewa mara moja. Naamini wengi wao walijua kwamba alikuwa anasema kweli.

Kuhusu jinsia yake, sioni kwamba ndiyo iliyomponza. Aliyepewa nafasi yake ya uongozi ni Elise Stefanik, na aliyemshinda katika mchujo ni Harriet Hageman, wote wanawake. Wanaume kama Tom Rice wa South Carolina na Peter Meijer wa Michigan, waliopiga kura kama yake, walianguka vilevile, na kati ya wale 10 ni wawili tu waliorudi bungeni baada ya uchaguzi wa 2022. Kipimo kilikuwa utii kwa mtu mmoja, na siwezi kuhesabu kuwa ni hatua mbele kwa wanawake pale mwanamke anapopandishwa ili mwenzake aadhibiwe kwa kusema ukweli.

Nikitafuta wa kumlinganisha naye, namkumbuka Margaret Chase Smith wa Maine, aliyekuwa seneta pekee mwanamke mwaka 1950, naye pia wa Republican. Tarehe 1 Juni 1950, Joseph McCarthy, seneta wa chama chake, akiwa katika kilele cha kuwatuhumu watu ukomunisti bila ushahidi, Smith alisimama katika Seneti, McCarthy akiwa ameketi nyuma yake, akasema kwa takriban robo saa kwamba hataki chama chake kishinde kwa kupanda juu ya hofu, ujinga, chuki na uchafuzi wa majina ya watu. Hakumtaja mtu, na kila aliyekuwamo alielewa. McCarthy alimwondoa katika kamati ndogo ya uchunguzi, nafasi ikaenda kwa Richard Nixon, na mwaka 1954 akamuunga mkono mpinzani wake katika mchujo wa Maine. Smith alimshinda vibaya sana mpinzani huyo. Wapiga kura wale wale wa mchujo, ambao kwa Cheney walikuwa mwisho wa safari, kwake walikuwa ngao.

Kanuni za jimbo nazo zina uzito. Lisa Murkowski, seneta wa Republican wa Alaska, alishindwa mchujo mwaka 2010, akarudi katika uchaguzi mkuu kwa njia ambayo mpiga kura huandika mwenyewe jina la mgombea kwenye karatasi, na wapambe wake wakagawa bangili zenye jina hilo ili watu wasikosee herufi. Alishinda. Mwaka 2021 alipiga kura ya kumtia Trump hatiani, lakini kufikia 2022 Alaska ilikuwa imeanzisha mchujo mmoja wa vyama vyote unaopitisha wagombea wanne, naye akashinda tena.

Wyoming imekwenda kinyume na hapo. Mwaka 2022 Cheney aliwasihi wafuasi wa Democratic wajiandikishe Republican kwa muda ili wampigie kura. Mwaka uliofuata jimbo lilitunga sheria inayozuia kubadili chama tangu siku wagombea wanapoanza kuchukua fomu, mwezi Mei, hadi mchujo wa Agosti upite. Mwingine wa namna yake akitokea kesho, hana tena mlango huo.