Ng'ombe kutoka manyoya na kujikuna: shika ngozi kwanza, sindano baadaye

Ndugu yangu umesema ndama wako watatu wana mabaka ya duara kuzunguka macho, halafu kuna ng'ombe mmoja anayekamuliwa anajisugua shina la mkia kwenye nguzo mpaka damu inatoka, unauliza uwachome wote sindano ya ivamektini, ile dawa ya minyoo na wadudu. Kwanza subiri, maana kwa maelezo yako hayo ni magonjwa mawili tofauti na hiyo sindano haifai kwa lolote kati ya hayo.

Nianze na ndama maana hilo limenikuta. Nilishawahi kuchoma ndama watano ivamektini mara mbili kwa mabaka kama hayo hayo, dawa ikaisha, mabaka yakaongezeka, na baada ya wiki chache nikaota duara jekundu linalowasha kwenye mkono wa kushoto, pale pale ninapombania ndama kichwa nikimnywesha. Daktari wa watu ndo aliniambia hii ni fangasi, ndo nikajua kumbe muda wote natibu mapunye kwa dawa ya minyoo na wadudu. Mapunye utayajua hivi: baka lina mpaka kabisa, limekauka rangi ya jivu, gamba nene kama unga uliogandia, linakaa sana machoni, masikioni na shingoni, na ndama hajikuni kivile. Vaa glavu, lowesha gamba na maji ya vuguvugu yenye sabuni mpaka lilainike, sugua na brashi, yale magamba usiyaache chini, kusanya choma moto. Ndo upake tinkcha ya ayodini na upitilize kidogo nje ya baka maana ugonjwa unatanuka kwa pembeni, kila siku kwa wiki moja hivi. Karibu na jicho ayodini usiguse, tumia krimu ya fangasi na kwa uangalifu. Watoe ndama juani, banda lililojaa na lenye giza ndo nyumba ya huu ugonjwa, na zile nguzo zisafishe kwa dawa ya kuua vijidudu kwa sababu mbegu za fangasi zinakaa kwenye mbao muda mrefu sana. Mengi huwa yanapona yenyewe ndani ya miezi michache ila ukiacha hivi hivi wanaambukizana wote.

Sasa huyo mkubwa. Kujikuna ndo alama kubwa hapo. Mpeleke kwenye mwanga, panua manyoya shina la mkia na shingoni uangalie kwa utulivu, chawa utawaona kwa macho wakitembea na mayai yameng'ang'ania kwenye unywele. Usipoona kitu na ngozi imekuwa nene ina makunyanzi na ukoko, basi fikiria upele wa utitiri, wale hawaonekani, mtaalamu anakwangua ngozi anaangalia kwenye hadubini. Utitiri wa mkiani na miguuni unakula magamba ya juu ya ngozi, haunyonyi damu, kwa hiyo dawa ya sindano inayopita ndani ya mwili inaufikia kidogo tu, ya kumwaga mgongoni kuanzia mabegani hadi mkiani inafanya kazi vizuri zaidi. Rudia kama kibandiko kinavyosema kwa sababu mayai huwa yanabaki, na tibu kundi zima siku moja hata wasiojikuna. Na hili nakuomba sana, ivamektini ya sindano usimchome ng'ombe ambaye maziwa yake watu wanakunywa, dawa inatoka kwenye maziwa. Ziko za eprinomektini zilizotengenezwa kwa wanaokamuliwa, soma siku za kusubiri kabla maziwa hayajanyweka, ndo ununue.

Ikija mvua mfululizo ukaona magamba mgongoni, vuta moja taratibu. Likitoka na kishungi cha manyoya kama brashi ya kupakia rangi na chini pana unyevu wa usaha, hiyo ni bakteria ya ngozi, inataka antibayotiki ya kuandikiwa na mtaalamu, mnyama akae pakavu na kupe wadhibitiwe. Chunjua kwa mitamba mara nyingi zinaondoka zenyewe, usizikate. Ngozi ikibabuka sehemu nyeupe tu, nyeusi ikabaki salama, hilo ni jua pamoja na mmea aliokula au ini lenye shida, mweke kivulini haraka ndo mengine yafuate.

Ila kuna moja sio la kuchezea. Vinundu vigumu mwili mzima, unavishika unahisi vimezama kwenye ngozi yenyewe, homa 40 kwenda juu, tezi za mbele ya bega zimevimba, maziwa yameshuka ghafla. Huo ni mapele ngozi, ni virusi, inzi wanaouma, mbu na kupe wanaubeba. Dawa ya kuua virusi hivyo hakuna, unatibu vidonda na homa tu, mtenge huyo mnyama, usihamishe hata ndama, na mpigie afisa mifugo siku hiyo hiyo. Chanjo ipo, wachanjwe wakiwa wazima na sindano ibadilishwe kila ng'ombe.

Leo jioni kagua pia watoto wanaowashika hao ndama wenye mapunye, mikononi, shingoni na kichwani, ukikuta duara hata dogo wapeleke kituo cha afya, na mpaka mabaka yaishe kazi ya kunywesha ifanye mwenyewe na glavu.