Shangazi, mtoto halali: nimpeleke kwa yule wa kushika kichwa?

Habari yako Shangazi. Huyu ndio mtoto wangu wa kwanza, kijana, ana wiki saba sasa. Alivutwa na vakyumu, kile kikombe cha kuvuta kichwa, baada ya leba ndefu sana na kichwa kilitoka kirefu na kimevimba upande mmoja, uvimbe ukaisha lakini mimi nikabaki na wasiwasi. Sasa jua likishazama anaanza kulia, anakunja miguu, anakaza tumbo, analia hadi usiku wa manane na hakuna kitu hatujajaribu, graipwota, kumtoa hewa, kumbeba mgongoni, kumwashia redio. Kliniki nesi alimpima akasema anaongeza kilo poa, ni tumbo tu, nirudi wakati wa chanjo. Kwa grupu yetu ya WhatsApp kuna mama alimpeleka wake kwa mtaalamu wa ostiopathia ya kichwa huko Westlands, anaapa mtoto alitoka hapo akalala masaa matano. Mama mkwe naye anasema hizo ni pesa za kutupa, yeye anaweza kunyoosha kichwa na mafuta ya moto hapa kwa nyumba. Saa zingine nalia pamoja na mtoto. Hiyo kitu inafanya kazi ama ni kuliwa pesa?
Mama Boi, Donholm

Mama Boi, pole sana, na hongera kwa kijana. Nianze na hiyo ya kulia pamoja naye juu ndio imenigusa zaidi, mama amelala vipande vipande wiki saba mfululizo, anaambiwa ni kawaida na anarudishwa nyumbani na hiyo kawaida yake, lazima atafute mtu mwingine wa kumsikiliza. Na nadhani hiyo ndio sababu kubwa wazazi wanaenda kwa hawa wataalamu. Kliniki ya serikali foleni ni ndefu, nesi ana dakika chache na wewe, lakini huko Westlands unakaa kwa chumba kimetulia, mtu anakuuliza leba ilikuwaje, mtoto alivutwa na nini, ulilia, uliogopa, alafu anamshika mtoto polepole sana bila dawa na bila sindano. Ukichanganya na ile hatia mama anabeba ati labda vakyumu iliharibu kitu na ni yeye alishindwa kusukuma, mtu akikwambia kuna mfupa umebanwa na anaweza kuuachilia, unaskia mzigo umetoka. Huendi huko kwa ujinga, unaenda kwa uchovu na mapenzi.

Lakini wacha nikwambie hiyo kitu yenyewe ni nini. Ostiopathia, tiba ya kushika mifupa na misuli kwa mikono, ilianzishwa Marekani na daktari Andrew Taylor Still, shule yake ilifunguliwa Kirksville, Missouri mwaka 1892. Mwanafunzi mmoja wa hapo, William Garner Sutherland, aliangalia fuvu lililotenganishwa mifupa akaamini hiyo mifupa imeumbwa ikiwa na mwendo, ati inapumua na mdundo wake, na mtaalamu akiguza kidogo tu anaweza kusikia mdundo ukiwa umekwama na kuurekebisha. Kitabu chake kilitoka 1939. Ni kweli fuvu la mtoto mchanga halijashikana, ndio maana linaweza kujipinda likipita njia ya uzazi na kurudi lenyewe baadaye, na ndio maana ana utosi laini, ule wa nyuma unafunga kwenye miezi miwili ama mitatu na wa mbele wengi kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwa huo mdundo. Mwaka 1994 kulichapishwa utafiti ambapo wataalamu watatu walishika watu walewale 12 kila mtu kivyake wakaambiwa wahesabu huo mdundo, na majibu yao hayakulingana hata kidogo. Sasa kama wao wenyewe hawasikii kitu kimoja kwa kichwa kimoja, mimi siwezi kukwambia kwa roho safi kwamba kuna kitu kimekwama kwa mwanao na kinahitaji kufunguliwa.

Na ule mtoto wa grupu aliyelala masaa matano? Simwiti mama yake mwongo. Kuna mapitio ya 2012 ya Cochrane, shirika la kimataifa linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 6 ya tiba za mikono kwa watoto wa kulia hivi, watoto 325 kwa jumla, na wazazi wengi kweli walisema kilio kilipungua, lakini walipohesabu yale majaribio tu ambayo mzazi hakujua kama mtoto wake ameshikwa ama la, hiyo tofauti haikuwa tena ya kutegemewa. Hapo fikiria mwenyewe.

Kitu kingine ambacho hakuna mtu alikwambia pale kliniki na mimi naona wangekwambia ungelala vizuri hata kama mtoto halali: kilio cha watoto kinapanda kutoka wiki ya pili, kinafika juu kabisa karibu wiki ya sita, alafu kinashuka, na wengi wakifika miezi mitatu ama minne kimeisha. Daktari Brazelton huko Marekani aliandika 1962 kwamba kwa wiki ya sita watoto wa kawaida kabisa, wasio na shida, walikuwa wanalia karibu masaa mawili na robo tatu kwa siku, na jioni ndio zaidi. Wewe uko wiki ya saba. Uko juu ya mlima na mbele yako ni mteremko, kwa hivyo mtu yeyote utakayemlipa wiki hii, awe wa Westlands, awe wa dawa za miti, awe mama mkwe na mafuta yake, wiki tatu zijazo ataonekana ni shujaa. Sisemi hivyo kumchokoza mtu, nasema ndio usikope pesa ya kulipia kitu ambacho siku zinakuja kukupea bure.

Ukishaamua unataka tu kwenda, na pesa iko, mkono mwepesi hivyo kwa kawaida haumuumizi mtoto ambaye daktari amemwangalia. Sharti langu ni moja, daktari wa watoto kwanza. Mwambie wazi alivutwa na vakyumu, amshike kichwa, aangalie utosi, shingo, mdomo hadi chini ya ulimi, kwa sababu ule uzi ukiwa mfupi mtoto anaweza kukosa kushika titi vizuri, akameza hewa na kubaki na njaa. Na yeyote akitaka kupinda shingo ya mtoto ama kuivuta hadi ilie, mchukue mwanao utoke hapo hapo. Usingoje miadi ya mtu yeyote kama mtoto ana joto la 38 kwenda juu, anakataa kunyonya, anatapika kijani, choo kina damu, utosi umefura, amelegea ama ana degedege, hiyo ni hospitali usiku huo huo.

Mama mkwe umheshimu tu, mafuta ya kumpapasa mgongo na miguu ni mazuri na mtoto anapenda, yawe ya uvuguvugu si ya moto, lakini kichwa hakinyooshwi, utosi haukandamizwi. Na akija mtu na ile habari ya kukata kimio ama kung'oa meno ya plastiki, yaani yale meno machanga bado ndani ya fizi, ndio mtoto aache kulia, hapo heshima imeisha, mkatalie kabisa, watoto wanavuja damu na wanapata maambukizi kwa hizo vitu.

Ingekuwa ni mimi, hizo elfu kadhaa za sesheni (na hakuna anayekwambia moja inatosha) ningelipa dada wa kunishikia mtoto kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa mbili, ama nesi anayejua mambo ya kunyonyesha aje akuone ukinyonyesha hapo kwako. Kilio kikikuzidi, mlaze chali kwa kitanda chake, funga mlango, toka nje upumue dakika kumi, hatakufa kwa kulia, lakini kumtikisa hata mara moja kunaweza kumharibu ubongo. Baba Boi pia aambiwe hivyo, na aamke, zamu ni yake pia. Na hicho kilio chako wewe, kikipita wiki mbili bila kupoa, ama ukianza kuwaza mambo ya kujiumiza, mwambie nesi wa kliniki, hiyo ina matibabu na si udhaifu.

Shangazi, wangu ana miezi mitatu, kichwa kimekuwa bapa nyuma upande wa kulia. Nimesoma ostiopathia inarudisha. Ni kweli?
Baba wa Kasarani

Baba, mara nyingi hiyo inatokana na kulala chali akiangalia upande mmoja, na bado alale chali, usibadilishe, ndio njia salama zaidi dhidi ya kifo cha ghafla. Akiwa macho mlaze kifudifudi ukimwangalia, Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 30 kwa siku ukizigawa, na kitandani geuza upande wa kichwa ili akitaka kuangalia mlango ageukie upande wa pili. Kama anakataa kabisa kugeuka upande mmoja, shingo inaweza kuwa imekaza na huyo anahitaji fiziotherapia, mapema ndio vizuri. Ukiskia tuta gumu kwa mstari wa fuvu, ama umbo linaharibika kila wiki, apimwe na daktari juu mifupa inaweza kuwa imeshikana kabla ya wakati, na hiyo hakuna mkono wa mtu utaifungua.

Shangazi, nitajuaje huyo mtaalamu amesoma?
Wambo, Rongai

Muulize alisomea wapi, miaka mingapi, na ameandikishwa na nani, na asikasirike. Uingereza jina la ostiopathi linalindwa na sheria ya 1993 na majina yako kwa rejista, kwa hivyo kama anasema alisomea huko unaweza kumtafuta. Akijiita daktari hapa Kenya, jina lake liwe kwa rejista ya KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno, iko mtandaoni na ni bure kuangalia. Akijiita mfiziotherapia, kuna baraza lao liliundwa kwa sheria ya 2014. Na akikuambia usipeleke mtoto chanjo, usirudi kwake.