Shangazi, nikiondoka nitakuwa nimewasaliti?

*Shangazi, nina miaka 27 na huu ni mwaka wa tatu nikijitolea katika kituo cha haki mtaani kwetu hapa Nairobi. Tangu maandamano ya Juni 2024 ya kupinga mswada wa fedha, mimi ndiye ninayewapeleka mochari akina mama wa vijana waliouawa na polisi, ninayeketi nao kortini na kupokea simu zao saa nane usiku. Mwezi uliopita komredi mmoja, msemaji wetu anayependwa sana, alinifokea mbele ya akina mama hao, akaniita mwoga kwa kuwa sikufika kwenye maandamano. Siku hiyo nilikuwa mazishini. Nilipolalamika, viongozi waliniambia nikae naye nimweleweshe taratibu kwa sababu "wewe una roho nzuri", tena nisiwape polisi la kusherehekea. Nimechoka, hata machozi hayatoki. Nikiondoka nitakuwa nimewasaliti akina mama? — Aliyechoka*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nilikwama pale penye mazishi. Wewe uko makaburini umemshikilia mama wa watu asianguke, na mwenzako anahesabu nani hakuonekana barabarani.

Hiyo "roho nzuri" imeniudhi. Aliyetukanwa ni wewe, na kazi ya kumtengeneza aliyekutukana umepewa wewe vilevile. Najua kitakachofuata ukikubali: utapima kila neno asije akapandwa na hasira, yako utayameza, atakueleza jinsi anavyolala vibaya tangu alipowekwa seli, utamwonea huruma, na jioni itakukuta wewe ndiye unayembembeleza. Usikubali kikao hicho. Komredi huyo anastahili kukalishwa chini na kueleweshwa, tena kwa upole, maana seli humbadilisha mtu kweli. Ila wa kumkalisha awe mwingine, ikiwezekana mtu anayemheshimu na ambaye si wa kituo chenu.

Waandikie viongozi, usiwaambie kwa mdomo tu: sitakaa naye peke yangu, naomba wawili wengine wazungumze naye, na kwa kuwa alinitukana mbele ya akina mama, aniombe radhi mbele ya akina mama. Msamaha wa pembeni kwa tusi la hadharani sikubaliani nao hata kidogo.

Wakikujibu kwamba unawagawanya, wakumbushe wanachokipigania kila siku. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kwa sababu Wakenya walichoka kuona polisi wakijichunguza wenyewe. Hoja hiyo haiishii kwenye lango la kituo cha polisi. Na kama ipo siku komredi yeyote atamgusa msichana kwa nguvu, hapo pasiwe na vikao vya kueleweshana: ni hospitali kabla ya saa 72 kupita ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, kisha kuripoti.

Sasa hii kazi yako. Nataka uiite kazi, kwa maana wenzako wanaiita tabia yako. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula Uhuru Park, Profesa Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi wakawashukia kwa virungu, Maathai akapigwa hadi akazirai, na mama wakavua nguo zao kuwalaani askari. Hayo kila mtu anayasimulia. Lakini baadaye akina mama walihamia chini ya kanisa la All Saints, wakakaa huko karibu mwaka mzima, mpaka wengi wa wana wao walipoachiliwa. Mwaka mzima, mwanangu! Huo ni mwaka wa kupika uji, kufua blanketi, kumwamsha mwenzako anayelia usingizini. Bila watu wa kuyafanya hayo, mgomo ungekwisha ndani ya wiki. Wewe ni wa ukoo huo, na huna sababu ya kumwinamia mwenye kipaza sauti.

Ndiyo maana kazi hiyo haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Kituo kiwe na simu yake ya usiku, izunguke kwa zamu, na wanaume waingie kwenye zamu hizo. Mochari pia waende. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; wakisimama mara moja pale mlangoni, mama anapoitwa kumtambua mwanawe, watajua uzito wake. Machozi yasiyotoka yananitia wasiwasi, kwa hiyo tafuta mshauri nasaha asiye wa kituo chenu, upate mahali ambapo wewe ndiye unayesikilizwa.

Kuhusu usaliti, sikuoni kama msaliti. Pumzika mwezi mmoja kwanza kabla ya kuamua kuondoka. Akina mama hao si watoto wako. Hapo Nairobi wapo mama na wajane wa waliouawa na polisi ambao wameunda mtandao wao wenyewe, wanashikana mikono kortini na mazishini, wanajua kubeba. Anza na mmoja, yule mnayeelewana. Mpigie mchana, usisubiri yeye akupigie usiku, umwambie: mama, nimechoka. Kisha nyamaza, umwache akuulize kama umekula.