Usimwambie mtoto achezeshe midomo tu

Mwaka wangu wa pili kufundisha kwaya ya shule ya msingi, katika kijiji kimoja mkoani Dodoma, nilimwambia msichana wa darasa la tano achezeshe midomo bila kutoa sauti. Mashindano ya kata yalikuwa yamebaki siku nne. Kila tulipopanda kuelekea do ya juu, yeye alikuwa chini kidogo, na wenzake wawili walioketi karibu naye walianza kumfuata. Hakubisha. Aliinamisha kichwa akasema, "Sawa, Mwalimu." Tukaenda kuimba, tukashika nafasi ya pili, naye hakuonekana tena mazoezini.

Nawaandikia walimu waliokabidhiwa kwaya ya shule mwaka huu. Wengi wetu tumeingia kwa mlango huohuo: mwalimu mkuu anauliza kikaoni nani anajua kuimba, mtu anataja kwamba wewe uko kwaya ya kanisani, na kikao kinafungwa jina lako likiwa limeshaandikwa.

Mimi nililelewa kwa do re mi. Mfumo huo uliasisiwa Uingereza na mwalimu Sarah Glover, kisha John Curwen akauboresha na kuueneza katika karne ya 19, na wamisionari wakaja nao huku kwetu. Naupenda mpaka leo. Hauhitaji kinanda wala umeme. Hata zile ishara za mkono za Curwen, ngumi kwa do, kiganja kilicholala kwa mi, kiganja kinachokutazama kwa so, zinamwezesha mtoto kuiona sauti kabla hajaiimba. Kosa langu lilikuwa kuingia nao darasani nikiamini kwamba nje ya ngazi hiyo, yaani mpangilio wa sauti kutoka do hadi do ya juu, hakuna sauti iliyo sahihi.

Baada ya mavuno mwaka uleule nilialikwa kwenye sherehe nyumbani kwa yule msichana. Nilipokelewa kwa "mbukwenyi", nikapewa kigoda. Jioni wanawake walisimama na ngoma zao za muheme, wamezibana katikati ya mapaja kama wafanyavyo wanawake wa Kigogo, na aliyeanzisha wimbo ni yule msichana. Shangazi zake wakaitikia. Sauti ileile niliyoihesabu kuwa imepungua niliisikia vinywani mwa watu wazima zaidi ya ishirini, wote wakiipiga mahali palepale. Watu ishirini hawawezi kukosea pamoja kwa kiasi kilekile. Mama yake aliniinamia akasema, "Mwalimu, huyu ndiye anayetuanzishia siku hizi." Sikuwa na la kumjibu.

Nilichokuja kujifunza baadaye ni hiki. Ukigusa uzi mmoja wa zeze, ndani ya sauti yake mna sauti nyingine ndogo zinazopandana juu yake kwa mpangilio wa maumbile. Ngazi ya muziki wa Wagogo imejengwa juu ya sauti hizo, kuanzia ya nne hadi ya tisa au ya kumi, ukihesabu sauti ya uzi wenyewe kuwa ya kwanza. Ile ya saba iko chini waziwazi kuliko ti ya kinanda. Iko chini kidogo hata ya ile ti iliyoshushwa ambayo kwenye noti tunaiandika ta. Ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, nayo hulinganishwa kwa kufuata ngazi hiyo. Huu ndio muziki ambao Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliupeleka katika majukwaa ya dunia hadi alipofariki mwaka 2003. Mtoto wangu wa darasa la tano alikuwa anaimba ngazi ya kwao kwa usahihi kabisa ndani ya wimbo wangu wa ngazi nyingine. Masikio yake yalikuwa makali, na mimi nikamnyamazisha kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza usifundishe wimbo wowote. Kaa chini ya mti wakati wa mapumziko, sikiliza wanavyoimba wakiruka kamba. Waombe wakufundishe wimbo mmoja wa nyumbani, uuimbe mbele yao, wakusahihishe. Watakusahihisha sana. Andika kwenye daftari ni wapi wanapanda, wapi wanateremka, nani anaanzisha. Ukishaijua ngazi yao, wafundishe na ya pili, na uzitaje wazi kuwa ni mbili. Mimi naziita ngazi ya nyumbani na ngazi ya kinanda. Mtoto anayezungumza Kigogo kwa bibi yake na Kiswahili shuleni hapati shida kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Anachohitaji ni kuambiwa sasa tuko wapi. Uliko kama ni Pemba, Bukoba au Songea, utakuta masuala mengine kabisa, lakini utayakuta.

Si kila mtoto anayekosa sauti anayo sababu hiyo. Sababu nyingine, na nadhani ndiyo kubwa katika shule zetu, ni sauti ya mwalimu mwenyewe. Mwanamume akiimba mfano, sauti yake iko hatua nane chini ya ile ya watoto. Wapo wanaoielewa mara moja na kuihamishia juu. Wengine wanajaribu kukufuata hukohuko chini, wanafika mahali ambapo koo zao hazina kitu, wanabaki wakinguruma. Tunasema hawana sikio. Chagua msichana mwenye sauti tulivu awe ndiye anayetoa mfano, wewe onyesha kwa mkono, na ndani ya wiki chache utashangaa ni wangapi wameingia.

Halafu angalia unaanzia wapi. Nyimbo nyingi za kwaya huteremka hadi so ya chini, na mwalimu akianzisha mahali panapompendeza yeye, watoto wanabaki kupiga kelele kwa kifua. Mimi huiweka do kwenye F au G ya kinanda, so ya chini iangukie mahali wanapoweza bado kuimba. Huna kinanda? Programu ya simu inayotoa A ya 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, inatosha. Tafuta do yako kutoka hapo, na uifanye hivyo kila siku, maana kumbukumbu ya sauti inateleza.

Wavulana wa darasa la sita na la saba wanaovunja sauti wasiachwe nje. Waambie mapema kwamba hili litakuja, wape mstari mfupi wa sauti chache, na ngoma.

Ukifika kwenye sauti mbili, anza kufundisha sauti ya pili kabla ya ya kwanza. Ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, na ukiitanguliza, watoto wote wanaiweka kichwani na hawatoki tena.

Kuhusu mashindano: UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi Tanzania, ina kwaya na ngoma, na ni jambo jema, watoto wanapanda gari na kuona wenzao. Lakini usimpunguze mtoto hata mmoja kwa ajili ya kombe. Idadi ikizidi inayotakiwa, waimbaji wapokezane kati ya wimbo na wimbo, au kati ya mashindano na sherehe ya wazazi. Sare isiwe sharti pia. Nimeona mtoto akikaa nyumbani kwa kukosa kitambaa cha shingo.

Na njaa ni jambo la muziki. Mtoto aliyekula uji saa nne asubuhi hana pumzi saa kumi jioni. Tulipohamishia mazoezi mara tu baada ya mapumziko ya asubuhi, dakika 25 tu, mara tatu kwa wiki, sauti ilibadilika bila mimi kufundisha kitu kipya. Nilihitaji kumbembeleza mwalimu mkuu kwa muhula mzima ili kuzipata dakika hizo. Zipiganie.

Yule msichana nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Hakurudi kwaya. Alikuja siku mbili tu, akatufundisha ule wimbo wa mavuno, akasimama pembeni akisikiliza tulivyouimba, mara mbili akatusimamisha kwa sababu tulikuwa tumepandisha ile sauti ya saba.

Miaka minne baadaye nilipata uhamisho. Kwaya nyingi za shule hufa siku mwalimu anapohama, kwa hiyo mwaka mzima kabla ya hapo nilikuwa nimewapa wanafunzi wawili wa darasa la tano kazi ya kuongoza mazoezi kila Ijumaa, mimi nikiwa nimeketi nyuma na kufunga mdomo. Niliwaachia daftari la nyimbo, nyimbo 31 kwa jumla, 12 zikiwa za nyumbani. Kwenye ukurasa wa ule wimbo wa mavuno niliandika kwa kalamu nyekundu: hapa msipande.